Baiskeli ya Rodah Yafika Siongiroi

Rodah alijifunza kuendesha baiskeli katika umri ambao wenzake walikuwa wakijifunza kulalamikia magoti. Mwalimu wake alikuwa Wamuyu, mwenye duka la nguo pale Kapsoit. Walikutana Jumapili baada ya kanisa kwenye uwanja wa senta ya kupimia majani chai, mahali ambapo siku za kazi watu hupanga foleni na vikapu vyao wakingoja mizani. Alianguka mara nyingi. Aligonga nguzo, akagonga ukuta, na siku moja akamgonga mwinjilisti aliyekuwa akijipitia zake na Biblia kwapani. Lakini siku alipozunguka uwanja mzima bila kushikwa na mtu, alipiga kelele hadi majirani wakatoka nje wakidhani nyumba inaungua.

Bonasi ya majani ilipotoka, alikwenda moja kwa moja kwa Kuria, muuza baiskeli, akajinunulia yake. Ilikuwa ya kike, rangi ya kijani, isiyo na chuma cha juu, na ilikuwa na kengele kali ambayo Rodah aliipiga hata alipokuwa peke yake njiani.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mume wake, Kipkosgei, alikuwa ameendesha lori la majani miaka mingi kabla ya kustaafu, na sasa kila alipoingia hotelini kunywa chai, wazee wenzake walimsubiri kwa hamu. "Kipkosgei, siku hizi dereva kwenu ni nani?" mmoja angeuliza. "Mwambie akubebe, mzee, petroli imepanda," mwingine angedakia. Kipkosgei si mtu mbaya, lakini ni mtu wa kuchomeka haraka, na mtu wa namna hiyo hakosi watu wa kumchoma.

"Mama Cheptoo," akasema jioni moja, "hiyo baiskeli irudi kwa Kuria. Nimeongea na yeye, amekubali."

"Yeye amekubali," Rodah akajibu huku akipepeta mtama. "Mimi bado."

Walibishana jioni kadhaa, kila mmoja akitia kuni kwa zamu, mpaka Kipkosgei akapata wazo ambalo yeye mwenyewe alilisifu sana. "Basi twende Siongiroi kwa dada Phelis. Akisema ikae, itakaa. Akisema irudi, itarudi, na hakuna mtu atanuna."

Wazo hilo lilikuwa la ujanja. Phelis ndiye aliyemlea Kipkosgei mama yao alipofariki, na katika ukoo ule neno lake halikatiwi rufaa. Tena alikuwa mkali wa heshima. Aliwahi kumrudisha bibi harusi nyumbani akabadilishe gauni kwa sababu magoti yalionekana, na wageni wakakaa juani wakimngoja. Mwanamke kama huyo angesema nini kuhusu wifi yake kupanda baiskeli? Kipkosgei alilala usingizi mzuri usiku huo.

Rodah naye alijua. Hakuwa mjinga. Lakini aliona mlango mdogo, akaingiza mguu.

"Sawa," akasema asubuhi. "Lakini tutaenda na baiskeli. Wewe na yako, mimi na yangu. Kama senge atahukumu, lazima aone kitu anahukumu." Alimwita Phelis senge, kama watoto wake walivyomwita shangazi yao.

"Siongiroi? Na baiskeli? Hiyo ni siku mbili!"

"Ni siku mbili, ndiyo. Na gari utapanda gani?"

Ulikuwa mwaka wa tisini na nane, na mvua ya El Nino ilikuwa imezoa madaraja ya barabara ile ya ndani, inayokata katikati ya mashamba ya majani na kushuka hadi nchi ya Chepalungu. Matatu zilikuwa zimeikimbia. Malori hayakupita, hata matrekta hayakupita. Barabara nzima ilikuwa imebaki ya watu, ng'ombe na baiskeli.

Wakaondoka Jumatano, umande ukiwa bado juu ya majani. Rodah alivaa suruali ya binti yake ndani ya sketi, akafunga kitambaa kichwani. Kipkosgei alipanda blakimamba yake, baiskeli kuukuu ya chuma kizito. Kwenye keria alikuwa amefunga kibuyu cha mursik, maziwa yaliyochachushwa kwa mkaa, cha kumpelekea dada yake, maana huwezi kwenda kuhukumiwa mikono mitupu. Rodah alimwambia akifungue kwanza kitoe hewa. Kipkosgei akamjibu kwamba alibeba tani za majani miaka yote ile bila kuangusha jani moja, na hawezi kushindwa na kibuyu.

Loo, barabara isiyo na gari! Wewe unayeipita umebanwa dirishani hujui ni kitu gani. Udongo mwekundu ulikuwa umekauka na kushikana vizuri. Majani yalipanda kilima upande huu na kushuka kilima upande ule, yamekatwa sawasawa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Hapakuwa na vumbi wala honi. Rodah alisikia wachumaji wakiongea ng'ambo ya bonde, akasikia maji yakipita chini ya mikaratusi, akasikia hata cheni yake mwenyewe. Moyoni alijiambia kwamba ikiwa hizi ndizo siku zake mbili za mwisho juu ya baiskeli, basi hataki kupoteza hata kilima kimoja. Penye mteremko aliinua miguu yake yote miwili na kuachia.

"Breki!" Kipkosgei alipiga kelele nyuma yake. "Mama Cheptoo, breki!"

"Niko nayo!" Rodah akajibu, na hakuigusa.

Shida yao ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa watu. Kwetu mtu hapandi baiskeli hivi hivi. Anapeleka maziwa, anapeleka gunia, anakimbilia daktari. Kwa hiyo kila aliyewaona aliuliza kwa huruma, "Kuna matanga?" Wakisema hakuna, wanatembea tu mpaka Siongiroi, sura ya huruma iliondoka na ikaja sura ya mtu aliyeokota kitu. "Siongiroi! Basi nipelekeeni..." Na mzigo ukatoka ndani ya nyumba.

Rodah angekataa kwa utani. Kipkosgei hakuweza. Kumkatalia mtu mzigo njiani ni kama kumkatalia salamu, na yeye alikuwa ameishi maisha yake yote kwa sifa ya kutokatalia mtu kitu. Kabla ya saa sita alikuwa amepewa kuku wa kupeleka kwa mwanamke mmoja aitwaye Mellen karibu na Litein, na mkungu wa ndizi wa fundi viatu wa Siongiroi, na juu ya yote hayo kichwa cha cherehani cha chuma tupu, cha fundi wa nguo wa huko huko.

"Nipe nusu," Rodah akasema.

"Mzigo ni wa mwanaume," Kipkosgei akajibu, jasho likimtiririka puani.

Walipofika kwenye mteremko wenye mawe, keria ikaanza kurukaruka. Jua lilikuwa limewaka. Kibuyu kilikuwa kimetikiswa tangu asubuhi, kimepigwa na jua, na kifuniko kilikuwa kimekazwa kwa nguvu zote za dereva mstaafu. Mursik ilivumilia, ikavumilia, halafu ikachoka.

Mlio ulisikika mpaka ng'ambo. Kipkosgei, aliyekuwa dereva wa kweli, alijua papo hapo kwamba ni tairi. Akafanya kile ambacho dereva hufanya. Akaacha barabara, akaingia katikati ya majani na baiskeli yake, ndizi na cherehani, akazama hadi kifuani. Kuku akapiga yowe. Kifuniko kilitua mbali sana. Rodah alipofika alimkuta mumewe amesimama katikati ya michai, mgongo wote na kofia vimejaa maziwa mazito yenye madoa ya mkaa, akiminyaminya tairi ya nyuma kwa vidole.

"Haijapasuka," akasema, ameduwaa. "Iko nzima."

Rodah alicheka mpaka akakaa chini barabarani. Alicheka mpaka wachumaji wakaja kuangalia, nao wakaanza kucheka. Kipkosgei aliwatazama wote kwa hasira kwa muda mrefu. Kisha akajilamba mkono polepole, akasema, "Lakini ilikuwa imeiva vizuri," na hapo hata yeye kicheko kikamshinda. Ilikuwa mara yao ya kwanza kucheka pamoja tangu baiskeli ile iingie nyumbani.

Jioni walifika kwa Mellen na kumkabidhi kuku wake. Mellen aliwaangalia, akaangalia shati la Kipkosgei, akamchinja kuku yule yule na kuwapikia. Kwa hiyo walikuwa wamebeba chakula chao cha jioni siku nzima bila kujua. Walilala hapo, na asubuhi Mellen akawapa kibuyu kingine. Safari hii Kipkosgei alikilegeza kifuniko mwenyewe bila kuambiwa.

Siku ya pili majani yalianza kupungua. Vilima vikalainika, mahindi yakaja, halafu miiba na ng'ombe, na hewa ikawa ya joto. Kwenye kijito kimoja walikuta daraja limekwenda kabisa, limebaki na nguzo mbili zimesimama zikitazamana. Watu walikuwa wameweka magogo mawili ya kuvukia. Kipkosgei alivusha baiskeli yake begani, akarudi kuichukua ya mkewe. Alipokuwa katikati alisimama akaangalia chini.

"Hapa ndipo nilimwona yule kijana," akasema.

"Kijana gani?"

"Wa maziwa, na baiskeli yake. Lori ilikuwa mbele yangu. Haikumwona." Akavuka, akaiweka baiskeli ya kijani chini, akaifuta matope kwenye kengele kwa kidole. "Miaka yote hiyo kwa gari, Mama Cheptoo, najua gari inafanya nini kwa baiskeli. Hao wa hotelini waseme wapendavyo. Sio wao."

Rodah aliishika baiskeli yake kwa usukani. Miezi yote ile aliamini kwamba anapigana na aibu ya mume wake, kumbe alikuwa anapigana na woga wake, na woga wa mtu anayekupenda ni mgumu zaidi kuushinda. Alitamani kumwambia kwamba basi yaishe, airudishe. Neno lilimfika kwenye ulimi. Lakini mbele yake barabara ilikuwa inapinda polepole kuelekea jua, tupu kabisa, na hakuweza kulisema.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

"Nilikuambia irudi kwa Kuria."

"Hiyo sio kuniambia."

Kilima cha mwisho kabla ya Siongiroi ni kirefu na hakina kivuli. Kipkosgei alikianza kwa ushujaa, akafika robo, akaanza kuyumba. Cherehani ilimvuta nyuma, ndizi zikamvuta kando. Akashuka. Akasukuma hatua chache, akasimama ameinamia usukani. Rodah alikuwa amempita tayari, anapanda taratibu bila papara, amesimama juu ya pedali jinsi Wamuyu alivyomfundisha. Alifika juu akiwa bado amepanda. Akageuka, akamwona mumewe chini kule, mdogo, peke yake na mzigo wa watu.

Akateremka tena mpaka alipo. Alifungua mipira ya kufungia mzigo, akachukua kichwa cha cherehani, akakifunga kwenye keria yake. Safari hii Kipkosgei hakusema mzigo ni wa nani. Walisukuma pamoja mpaka juu, wakihema, na pale juu Kipkosgei akamtazama mkewe na kusema, "Una mapafu wewe." Kwa mtu kama Kipkosgei hayo yalikuwa mashairi.

Phelis alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni kwake, fimbo mapajani. Alikuwa amekonda tangu walipomwona mara ya mwisho. Aliwaona wakiingia uani, baiskeli mbili moja nyuma ya nyingine, na hakunyanyuka.

"Chamgei," akawasalimu.

"Chamgei mising," wakajibu, na Kipkosgei akaegemeza baiskeli yake na kukohoa. Alikuwa na hotuba. Alikuwa ameitunga tangu Kapsoit. "Dada, tumekuja kwa sababu ya jambo moja. Wewe unajua sisi ni watu wa heshima—"

"Nyamaza kwanza." Phelis alikuwa akiangalia baiskeli ya kijani. "Hii ni ya nani?"

"Ni yangu, senge," Rodah akasema.

"Umetoka nayo Kapsoit?"

"Ndiyo."

"Umekaa juu, wewe, na umri huo?"

"Nimekaa. Milima mingine nimesukuma."

"Hata mimi nilisukuma," Kipkosgei akasema, na sijui alisema kwa nini, maana hakuna aliyemuuliza.

Phelis akajiinua kwa fimbo. Ilimchukua muda, na mguu mmoja haukutaka kukunjika. Akaizunguka baiskeli yote. Akaminya kiti, akagusa keria, akapiga kengele mara moja, na kuku wote wa uani wakatawanyika. Rodah aliliona gauni lake refu, akamkumbuka yule bibi harusi, akajua kwamba mambo yamekwisha. Akaanza kuifunika huzuni yake kwa kuzungumza. "Barabara ni nzuri sana sasa, senge. Hakuna gari hata moja. Mtu anasikia ndege. Unapita kama uko peke yako duniani."

"Ni nzuri?" Phelis akasema. "Wewe unasema ni nzuri."

Akageukia mlangoni, akaonyesha kwa fimbo kule bondeni. "Kanisa iko pale. Jumapili nasikia ngoma yao kutoka hapa, nasikia hata sauti ya Rebeccah ikipanda juu ya wengine. Tumeimba pamoja tangu tukiwa wasichana. Lakini matatu ndiyo ilikuwa inanipeleka. Tangu Disemba sijatoka kwa hii boma. Hiyo barabara yenu nzuri, mimi imenifungia hapa."

Furaha yote ya siku mbili ilimgeuka Rodah kifuani ikawa kitu kizito, na alimwona mumewe akiinamisha kichwa. Dada aliyemlea alikuwa amekaa mlangoni miezi yote ile, na yeye alikuwa hotelini Kapsoit akijali vicheko vya wazee.

"Dada, sikujua," Kipkosgei akasema.

"Ungejuaje? Hukukuja." Alisema bila ukali, na ndiyo maana ilimchoma. Kisha akaigonga keria kwa fimbo. "Hii ya nyuma, inabeba mtu?"

Rodah hakuelewa mara moja. "Inabeba, senge. Imebeba cherehani."

"Mimi sifiki uzito wa cherehani. Leo Alhamisi kina mama wanafanya mazoezi ya kuimba. Nipeleke."

"Dada!" Kipkosgei akashtuka. "Wewe? Juu ya baiskeli? Watu watasema—"

"Watu gani? Hawa ambao hawajapiga hodi hapa tangu Krismasi? Waseme. Angalau wataniona."

Kipkosgei alisimama akiwatazama wanawake wale wawili na baiskeli ile. Kisha akashusha cherehani kutoka kwenye keria, akavua koti alilolivaa asubuhi kufunika madoa ya mursik. Akalikunja vizuri, akaliweka juu ya keria, akalifunga kwa mipira kwa uangalifu aliokuwa akifungia turubai ya lori. Akaijaribu breki ya mbele, akaijaribu ya nyuma, akaminya tairi zote mbili. Halafu akamnyanyua dada yake, akashangaa jinsi alivyo mwepesi, akamkalisha upande na kumwekea mikono kiunoni mwa Rodah.

"Mama Cheptoo," akasema, "pale kwa kona kuna changarawe. Ya nyuma kwanza, halafu ya mbele. Polepole."

"Nimesikia, Baba Cheptoo."

Alikimbia kando yao ameshikilia keria mpaka langoni, na pale barabara ilipoanza kushuka akaachilia. Baiskeli iliyumba kidogo, ikanyooka. Mwanzoni Phelis alipiga kelele ya woga. Halafu kelele ile ikabadilika, na watu wakaanza kutoka majumbani, maana walikuwa hawajasikia kicheko cha Phelis tangu kabla ya mvua, na wengine hawakuwahi kukisikia maisha yao yote.

"Wacha breki, msichana!" sauti yake ikarudi kutoka chini. "Wacha ikimbie!"

Na kengele ikalia njia yote hadi kanisani. Kipkosgei alibaki katikati ya barabara ile tupu, shati lake likiwa na madoa ya mursik, anacheka na kujifuta macho kwa mkono. Kuhusu hukumu waliyoifuata hakuna aliyeuliza tena, wala siku hiyo wala baadaye. Aliingia ndani akatafuta sufuria na kubandika chai, ili wakirudi waikute imeiva.